Mimea Yenye Utepe Mwekundu

Préfet Paulin, mkuu wa shule, alifunga mlango wa chuma kwa nje, akaweka kufuli, akalivuta mara mbili kama mtu anayejaribu jino bovu, halafu akatuambia kupitia tundu la mlango:

"Saa sita nafungula. Mbele ya saa sita, ata muntu akitaka kuzala mule ndani, azale pole pole."

Hivyo ndivyo tulivyoanza somo la kupenda mazingira.

Ndani tulikuwa watu kumi na watatu: watoto kumi na wawili wa darasa la saba na la nane, na mimi, Djafari, miaka ishirini na mbili, diploma ya Eta, cheti cha Serikali cha kumaliza sekondari, mkononi, asilimia hamsini na tatu, msimamizi wa Klabu ya Mazingira. Kazi hiyo niliipata kwa mdomo. Préfet alikuja mtaani kwetu Kamalondo kwa baba yangu, Mzee Abdoul, kushonesha suti. Akanikuta nachekesha wateja, akasema kijana huyu anaweza kukaa na watoto. Akaniuliza kama najua mimea. Nikamjibu kwamba ile inayoliwa naijua kwa ulimi, na ile isiyoliwa tunasalimiana tu njiani. Akacheka mpaka baba akamwomba atulie, asije akachomwa na pini. Akaniajiri palepale. Kumbe nilikuwa nimesema ukweli mtupu, yeye akasikia mzaha. Huo ndio ugonjwa wangu tangu utotoni: nikisema kitu, watu wanatafuta mahali pa kucheka. Na siku ile ya posho, yaani Jumamosi, katika mwezi wa tatu, ugonjwa huo ulinikamata shingo.

Nyuma ya shule yetu, kule Katuba, kuna dembo, bonde dogo la majani na matope ambalo mvua ikija linajaa maji. Wazee wanasema zamani lilikuwa pana. Siku hizi watu wamejenga pande zote. Ukuta huku, ukuta kule, vipande vya chupa juu yake, mlango mmoja tu wa chuma upande wa shule, na dembo limebaki katikati limebanwa kama mtu wa tano kwenye kiti cha watu watatu. Kijito kinaingia chini ya ukuta mmoja kwa bomba, kinatoka chini ya ukuta mwingine kwa bomba. Kila mwaka maji yanakula ukingo. Mwaka jana yalikula vyoo vya shule, vyote vinne, asubuhi moja, bahati nzuri hakuna aliyekuwa amekaa. Ndipo alipokuja Madame Mwansa, mwanamke aliyesoma mambo ya mimea, akasema ukingo huo unataka miti inayopenda maji, na watoto wenyewe ndio waitunze, ili wakue wakijua kwamba dembo si jalala lenye maji.

Kufuli nalo lina sababu yake. Mara ya kwanza waliingia watoto kumi na wawili, wakatoka saba. Wengine watano walikutwa kwenye uwanja wa mpira, wakajitetea kwamba na wao walikuwa katika mazingira.

Kati ya wale kumi na wawili kulikuwa na Bénie. Miaka kumi na minne, darasa la nane, mikono yenye nguvu kuliko yangu, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu, tulishapima. Bénie alikuwa tayari na avertissement mbili, zile barua za onyo. Ya kwanza aliipata kwa kuruka ukuta kwenda kujisaidia kwa jirani, wakati vyoo vilipoanguka. Ya pili, mwalimu wa Kifaransa alimwuliza mbele ya darasa zima kama ana akili, naye akajibu, "Tuanze na weye, Monsieur." Ya tatu ni kufukuzwa. Na katika mwezi wa tatu hakuna shule itakayompokea mtoto aliyefukuzwa. Mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la nane ungempita, na mwaka mzima ungefuata njia ya vile vyoo. Préfet alishamwambia mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya mkate, akigonga droo ya meza yake:

"Bénie, karatasi yako ya tatu iko tayari mu tiroir. Inangoyea tu tarehe."

Tangu siku hiyo Bénie alikuwa mtulivu kama sanamu ya Bikira. Ukimwambia leta jembe, analeta. Ukimwambia kata, anakata.

Madame Mwansa alikuwa ameniachia barua, akiahidi kufika saa sita pamoja na Préfet. Sasa lazima nieleze jambo moja. Madame Mwansa anaandika Kiswahili bora, kile cha redio na Biblia. Sisi nyumbani tunasema chetu, kile ambacho *iko* inabeba kila kitu, mtu, mbuzi na Serikali, na *ndiyo* inaitwa *njo*. Vyote viwili ni Kiswahili, lakini mara nyingine vinapishana barabarani bila kusalimiana. Barua ilisema:

"Ndugu Djafari, mimea yenye utepe mwekundu ishughulikieni kwanza. Ipo thelathini na minne. Mengine tutaangalia pamoja nikifika."

Nikaisoma mara moja, nikaelewa mara moja. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mtu mwenye akili anaelewa polepole.

Kwetu Kamalondo hakuna mtu aliyewahi kushughulikiwa akafurahi. Kijana akikwambia mlangoni pa baa, "Weye, nitakushughulikia," humwulizi kama ataleta na chai. Unatafuta pa kupitia. Na rangi nyekundu, basi, nani Lubumbashi haijui? Wakitaka kubomoa nyumba yako, wanapita asubuhi na rangi, wanakuchorea msalaba mwekundu ukutani na maneno mawili ya Kifaransa, *à démolir*. Kutoka hapo mama yako hapiki tena kwa amani. Basi mimi nilipoona vijiti vile vya kijani, vimefika magotini, kila kimoja na utepe mwekundu kiunoni, niliona mtaa mzima uliohukumiwa.

"Batoto," nikasema, "zile za nyekundu, hukumu imeshatoka. Tunang'oa zote. Ata moja isibakie."

Mvulana mmoja, Guelor, wa darasa la saba, akainua mkono. Guelor anainua mkono hata akitaka kupiga chafya.

"Monsieur, hii miti iko mubaya?"

"Iko na sura ya mubaya."

"Lakini inamea muzuri."

"Guelor, ata mwizi anamea muzuri. Umeona mwizi gani mukondefu?"

Wakacheka wote. Mimi watoto wakicheka, basi, akili inaniambia kazi imekwisha. Guelor akashusha mkono.

Bénie akashika jembe. Wengine walivuta kwa mikono, wawili wawili, huku wakianguka matakoni kwenye matope. Yeye alikuwa anapiga mara moja tu, chini kidogo ya udongo, na kijiti kinalala. Nikawa nahesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Nikamwambia, "Bénie, Mungu alikosea kidogo tu, alitaka kukuumba bulldozer." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu zile karatasi. Akaongeza mwendo.

Kuzunguka pale kulikuwa na yale majani marefu ya maua ya njano, yanayofanana na alizeti, yamejaa kutoka ukuta hadi ukuta, yamefunika kila kitu isipokuwa ule ukingo. Hayo hatukuyagusa. Mazuri namna ile, ungeyashitaki kwa kosa gani? Bénie alichuma ua moja akalichomeka kwenye nywele.

Saa tatu na nusu tulikuwa tumemaliza. Ukingo ulibaki udongo mwekundu, laini, bila hata jani, kama parcelle iliyofagiliwa na mama anayengojea wageni. Nikakaa juu ya jiwe, nikajipongeza.

Ndipo Guelor akaja na kipande cha bati, kimekatwa kutoka kopo la maziwa, kina matope.

"Monsieur, nimekipata mu shimo. Biko kila fasi, chini ya kila muti."

Nikafuta kwa kidole. Juu ya bati mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari: *Musafwa. 7e B. 12/12.* Darasa la saba B, mwezi wa Desemba; klabuni kwetu hakuna hata mtoto mmoja wa B.

Musafwa ni mti wa kando ya maji. Hata mimi najua hilo, matunda yake nimeyala. Sikuwahi kuuona ukiwa mtoto.

"Monsieur," Guelor akasema, bila kuinua mkono safari hii, "juu ya nini baandikie majani mabaya tarehe ya kuzaliwa?"

Nikatazama lile bati. Nikaitazama barua. Ishughulikieni kwanza. Nikaisoma sasa kwa sauti ya redio, ile ya mtangazaji wa habari za afya, *akina mama wanashughulikia watoto wao*, na hapo kushughulikia kukageuka kuwa kutunza.

Watoto walinitazama. Walikuwa wanangoja niseme kitu cha kuchekesha. Nikaikunja barua.

"Ilikuwa ya kuchunga," Bénie akasema. Hakuuliza. Alikuwa bado ameshika jembe. "Nyekundu njo ilikuwa ya kuchunga."

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Ni miye nilikata mingi."

Tukavikusanya, tukavilaza juu ya majani kama samaki sokoni. Vyenye mizizi, kumi na vitano. Vilivyokatwa kwa jembe, kumi na tisa. Jembe lilikuwa moja tu.

Bénie akakaa chini, palepale kwenye matope.

"Ile karatasi, Monsieur."

"Karatasi gani?"

"Ya mu tiroir."

Nikaenda mlangoni. Najua mlango ulikuwa umefungwa, nilikuwepo ulipofungwa, lakini nilienda nikausukuma. Nikagonga. Siku ya posho shule nzima ni tupu, hata mlinzi anaenda kulinda kwake. Nikazunguka ukuta wote. Chupa za kijani, chupa za kahawia, mahali pamoja mtu aliyejenga alikuwa na uwezo akaweka chupa za mvinyo. Guelor akanifuata nyuma, akasema yeye anaweza kupita katika bomba la maji. Nikainama nikaangalia. Mbwa mwembamba angeweza kupita, kama hana mpango wa kurudi. Nikamwambia hapana.

Na hata ningetoka, ningeenda wapi? Nyuma yangu kungebaki watoto kumi na wawili na jembe moja.

Nikampigia Madame Mwansa. Nilikuwa nimepanga sentensi yote. Akapokea kwa furaha, nikasikia gari, nikasikia sauti ya Préfet akikohoa pembeni yake.

"Ndugu Djafari, ndiyo kwanza tunaanza safari. Mambo yote salama huko?"

Watoto walikuwa wamenizunguka. Bénie alikuwa anautazama mdomo wangu.

"Salama kabisa, Madame," mdomo ukasema.

Simu ikakatika. Kisha Guelor akauliza, kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Ile ilikuwa mazungumuzo ama bongo?"

"Ilikuwa bongo, uongo mutupu," nikasema. "Inukeni. Tunapanda."

Ile kumi na mitano tuliipanda vizuri, na si kwa sababu yangu. Mimi nilitaka kuchimba shimo na kusukuma. Guelor akasema wapi, Monsieur, bibi yake akihamisha nyanya hashiki shina, anashika udongo wa mizizi, halafu anatia maji kabla ya kupanda, si baada tu, na anakinga jua. Mtoto mwingine akasema kwao mizizi haikunjwi, inanyooshwa kama nywele za mutoto kabla ya kusuka. Nikawaacha. Walilala kifudifudi kwenye ukingo, mashavu karibu na udongo, wananyoosha mizizi kwa vidole, wanachota maji kijitoni kwa kopo na kofia, wanavunja matawi ya maua ya njano kutengeneza vivuli. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyeuliza saa. Lile somo ambalo nilipaswa kulifundisha kwa miezi miwili lilikuwa linafanyika mbele yangu, na mimi nilikuwa mtu pekee asiyejua kitu.

Ikabaki ile kumi na tisa.

"Tuchomeke," nikasema.

"Bila mizizi?" Guelor.

"Bakifika, batahesabu. Batahesabu tepe nyekundu thelathini na nne. Basi."

"Na kisha siku tatu?" Bénie akauliza. "Itakauka."

"Siku tatu iko mbali. Miti inakaukaka. Jua, panzi, shetani. Nani ataulizwa?"

Bénie akachukua kijiti cha kwanza akakichomeka, akakandamiza udongo kwa kisigino. Anafanya anachoambiwa, nimeshasema. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia.

Saa sita kasoro kidogo ukingo ulikuwa umependeza kuliko asubuhi. Thelathini na minne, kwenye mistari, tepe nyekundu zimefungwa upya. Kama ungepita haraka ungesema, hawa watoto wameokoka. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Majani ya ile kumi na tisa yalikuwa yameanza kuinamisha shingo, moja moja. Nilikuwa napita nikiyainua kwa kidole. Nikiinua hili, lile linalala.

Kufuli likalia.

Madame Mwansa ni mfupi, anavaa mabuti ya mpira yanayomfika magotini na kofia ya majani. Alimsalimia kila mtoto kwa mkono, akiuliza jina. Préfet alibaki mlangoni kulinda suti, ile ya baba yangu, nikaona bega la kushoto limekaa vibaya.

"Mmelima kuzunguka?" Madame akauliza.

"Ndiyo, Madame," nikasema.

Akainama kwenye mti wa kwanza. Akatazama udongo. Akatazama maua ya njano, bado yamesimama ukuta hadi ukuta, marefu kuliko yeye. Akayatazama tena. Kisha akashika kijiti kwa vidole viwili, kama anayetoa uzi kwenye nguo ya mtu, na kijiti kikaja. Chini yake kulikuwa kumekatwa sawasawa, pembe ya jembe.

Akavuta cha pili. Kikaja. Cha tatu.

Akakaa kwenye ukingo na vile vitatu mapajani. Alivua kofia, akapangusa paji la uso, akabaki akitazama maji.

Préfet akaja, suti au hapana suti. Macho yake yakapita juu ya watoto kumi na mmoja bila kusimama, yakasimama juu ya Bénie. Jembe lilikuwa miguuni pake. Ua lilikuwa bado kwenye nywele.

"Bénie. Jembe ilikuwa na nani?"

"Na miye, Monsieur le Préfet."

"Hii, ni weye ulikata?"

"Ni miye."

"Vizuri," Préfet akasema, karibu kwa huruma. "Njo ya tatu."

Bénie hakunitazama. Angenitazama, labda ningepata nafasi ya kuogopa. Alitazama chini, akaanza kufungua kitambaa alichokuwa amejifunga kiunoni kwa kazi, polepole, kama mtu anayejua anaenda nyumbani.

"Préfet, ni mimi," nikasema.

"Djafari, acha."

"Ni mimi niliwaambia nyekundu njo ya kung'oa."

"Muntu mwenye diploma ya Eta, mwenye kusoma, atasema nyekundu njo ya kung'oa?"

"Ndiyo. Asilimia hamsini na tatu."

Mtoto mmoja akacheka. Kisha wawili. Sikuwa nimetaka. Naapa sikuwa nimetaka. Ile sauti yangu ndiyo iko hivyo, imezoea kuinuka mwishoni. Hata Préfet mdomo ulimcheza.

"Roho yako iko muzuri," akaniambia, "unataka kumukinga mutoto. Lakini leo siko na nafasi ya sinema."

"Préfet, nasema kweli. Niliona rangi nyekundu nikawaza wale wa kubomoa."

Sasa wakacheka vizuri. Ilikuwa inachekesha, nakubali. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo ilivyochekesha. Madame peke yake hakucheka. Na Bénie aliinua uso, akanitazama kama mtu aliyepigwa na ndugu.

"Ata leo, Monsieur?" akasema.

Alidhani namfanyia mzaha.

Nilisimama pale na ukweli mkononi, na sikuwa na mtu wa kumpa. Nikatafuta sauti nyingine ndani yangu, ya msibani, ya mahakamani, sikuikuta. Ndipo nikasema kitu ambacho nadhani hakuna mfanyakazi wa Kongo aliyewahi kukisema tangu karatasi ilipoanza kutengenezwa:

"Préfet, nipe demande d'explication."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Demande d'explication ni barua anayokuandikia mkubwa ukikosa, nawe unapaswa kujibu kwa maandishi, ijibiwe, ipigwe muhuri, iingie katika faili lako na kulala humo mpaka siku unayoomba kazi nyingine. Watu wanaikimbia. Wanaugua. Wanaenda kuzika shangazi ambaye bado anauza karanga. Kuiomba mwenyewe, hiyo si mzaha, kwa sababu hakuna mzaha unaofika huko.

Préfet alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Uko sérieux."

"Nipe karatasi. Najibu sasa."

Guelor akararua ukurasa katikati ya daftari lake. Niliandika juu ya goti, kalamu inateleza kwa matope, Préfet amesimama juu ya kichwa changu. Nikaandika: *Niliona tepe nyekundu nikadhani miti hiyo imeshahukumiwa.*

"Toa hiyo," Préfet akasema.

"Iko kweli."

"Iko kweli, lakini inachekesha. Atakayesoma atacheka, na akicheka hatakuamini. Toa."

Nikafuta. Mstari uliofuata nao akanifanya niufute. Sikuwa najua kwamba ninayo mizaha mingi namna ile. Mwishowe ikabaki hivi:

*Mimi, Djafari, nilipewa barua na Madame Mwansa. Sikuielewa na sikuuliza. Niliwaamuru wanafunzi wang'oe misafwa thelathini na minne. Bénie alikata kwa jembe kwa sababu mimi nilimwambia akate.*

"Sahihi," Préfet akasema. Alimaanisha niweke sahihi.

Kalamu ikasimama. Madame Mwansa alikuwa amegeuka, ananitazama, vile vijiti vitatu bado mapajani. Hakuniuliza kuhusu simu. Angeweza. Wala watoto hawakunisema, wote kumi na wawili. Mistari minne ilitosha kumwokoa Bénie. Ningeweza kusimama hapo.

Lakini ile kumi na tisa ilikuwa imesimama pale inakauka mbele ya macho ya kila mtu, na mkono ulioichomeka ulikuwa wa nani? Kama nisingeandika, Jumatatu Préfet angeuliza hilo pia, na jembe lilikuwa moja.

*Saa nne Madame aliniuliza kwa simu kama mambo ni salama, nikamwambia salama. Kisha niliwaamuru wachomeke ile isiyo na mizizi ili ihesabiwe. Walinikataza. Ni mimi.*

Nikatia sahihi. Préfet akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

"Bénie," akasema, "muntu mukubwa akimuambia mutoto kata, mutoto anakata. Yako inabakia mu tiroir. Bila tarehe."

Bénie akafunga tena kitambaa kiunoni. Hakunishukuru, na sijui angenishukuru kwa lipi.

"Na mimi, Préfet?" nikauliza.

"Weye, jibu lako utalipata siku ya kwanza, Jumatatu. Kwa maandishi."

Nilijua lilivyoandikwa kabla halijaandikwa: kazi imekwisha. Akaenda kukaa kwenye gari, kwa sababu ya suti.

Madame Mwansa akasimama. Akaenda kwenye ile kumi na mitano, akagusa udongo wa mti mmoja, akasukuma kidogo, hakikutoka kitu. Akaona mti umewekewa kivuli, udongo umelowa hadi chini.

"Hii nani aliipanda?"

"Sisi wote," Guelor akasema. "Kama nyanya ya bibi."

"Bibi yako mpe salamu zangu." Akageuka. "Bénie, hii uliyokata. Mizizi yake iko wapi?"

"Ilibakia chini, Madame."

"Chini wapi?"

Bénie akafikiri. "Kila moja fasi yake."

"Unakumbuka mahali?"

"Nakumbuka."

"Musafwa ukikatwa, mara nyingine unachipua tena kutoka kwenye kisiki," Madame akasema. "Mara nyingine hapana. Lakini hauchipui ikiwa tunakanyaga juu yake, na hauchipui chini ya haya maua ya njano, ambayo ndiyo mliyopaswa kuondoa wiki ijayo. Nionyeshe."

Bénie akavua viatu. Akaanza upande wa bomba, anatembea polepole, anatazama udongo ule laini tuliousafisha wenyewe hadi hakukuwa na dalili ya kitu. Anasimama, anainama, anafukua kwa kidole, kinatokea kisiki cheupe, kidogo kama kitako cha penseli. Guelor anachomeka kipande cha bati pembeni yake.

"Hapa. Na hapa. Hapa nilipiga mara mbili, samahani, Madame."

"Endelea."

"Hapa. Hii ni ya kumi na moja."

Watoto walikuwa wamejipanga ukutani ili wasikanyage. Mimi nilibaki katikati ya ukingo, mahali nilipokuwa naandika, sikuwa nimeambiwa niende wapi. Bénie alifika mbele yangu, akatazama miguu yangu.

"Monsieur, toa mguu. Uko juu ya moja."

Nikauinua. Matope yalishika kiatu, mguu ukaja peke yake. Akainama, akafukua, akakiona kisiki, akahesabu kwa sauti ya chini. Nikataka kuushusha mguu upande wa kulia.

"Hapana. Na pale iko moja."

Upande wa kushoto.

"Pale pia."

Akaendelea mbele, mgongo umeinama, anatafuta. Nami nikabaki hivyo, mguu mmoja hewani, nangoja arudi aniambie pa kukanyaga.